Kushiba Kabla ya Tonge la Kwanza

Mazungumzo yetu leo ni ya hamu ya kula: inatoka wapi, nani anaiamsha, na hizi sindano za kupunguza uzito zinazotajwa kila kijiwe zinaifanya nini huko kichwani. Nasema kichwani kwa sababu wengi tunadhani zinafanya kazi tumboni. Tumboni zipo, nitafika huko. Ila kazi kubwa iko juu.

Nianze Cambridge, Uingereza, mwaka 2007. Vijana wawili walilazwa kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, huku wakionyeshwa picha za vyakula. Vijana hao walizaliwa na kasoro adimu ya kurithi: miili yao haikutengeneza leptini. Leptini ni homoni inayotolewa na mafuta ya mwili kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo, usiwe na wasiwasi. Ubongo usiopata taarifa hiyo huamini kwamba mwenyewe anakufa njaa, hata akiwa na uzito wa kuwatosha watu wawili. Mtoto mwenye kasoro hiyo hula, akamaliza, akalia kwa kutaka tena. Wazazi hufunga kabati kwa kufuli. Majirani nao, unawajua majirani, husema mtoto hakufundishwa adabu ya kula.

Daktari Sadaf Farooqi na wenzake waliwataka vijana hao wavipe alama vyakula walivyoviona. Karibu kila kitu kilipata alama za juu. Kwenye picha za ubongo, sehemu moja ya ndani inayohusika na kutamani na kutuzwa iliitikia chakula wakiwa na njaa, na ikaitikia vile vile wakiwa wametoka kula sasa hivi. Kisha wakachomwa leptini kwa siku 7 na kurudishwa kwenye mashine. Siku saba hazitoshi kumkondesha mtu. Lakini ubongo ulikuwa umeshabadilika: wakiwa na njaa picha ya chakula iliiamsha ile sehemu, wakishiba haikuiamsha. Wakaanza hata kuchagua, hiki nakipenda, hiki hapana.

Msikilizaji, hebu lipime jambo hilo. Hakuna aliyewapa nasaha vijana wale. Hawakuhubiriwa wala hawakupangiwa mlo. Walipewa kitu kimoja kilichokosekana, na macho yao yakakiona chakula kwa namna nyingine. Mimi tangu niliposoma habari ile nimeacha kumwita mtu yeyote mlafi. Silisemi hili kwa upole wa moyo. Nalisema kwa sababu neno lenyewe halielezi kitu.

Sasa, leptini ilipogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, dunia ilidhani tiba ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Watu wengi wanene wanayo leptini tele, tatizo ni kwamba ubongo umezoea kelele yake na hauisikilizi tena. Kuwaongezea hakukusaidia. Wale wachache waliozaliwa bila homoni hiyo ndio walionufaika, na wengine wakabaki na mashauri yale yale ya kula kidogo na kutembea sana.

Dawa zinazosemwa leo zilitoka upande mwingine kabisa, kwenye utumbo. Ukila, chembe fulani za utumbo hutoa homoni inayoitwa GLP-1. Habari zake zilianza Boston mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika maabara ya hospitali aliyokuwamo Joel Habener, aliyekuwa akichunguza jeni za samaki mmoja wa baharini. Humo humo hospitalini alikuwepo mkemia Svetlana Mojsov, mzaliwa wa Skopje, ambaye alibaini ni kipande gani hasa cha homoni ile kinachofanya kazi. Kwa miaka mingi jina lake halikutajwa, na ilimbidi apigane hata kuandikwa kwenye hataza. Mwaka 2024 alipewa tuzo ya Lasker pamoja na Habener na Lotte Bjerre Knudsen wa Denmark. Heri kuchelewa kuliko kukosa, ingawa kuchelewa kwenyewe kulikuwa kwa miaka arobaini.

Kasoro ya GLP-1 ya asili ni kwamba haidumu. Ikishaingia kwenye damu, baada ya dakika 2 hivi nusu yake imeshavunjwa. Kama dawa haifai, labda umfungie mtu dripu mchana na usiku. Aliyetoa njia ni daktari mmoja wa New York, John Eng, ambaye mwaka 1992 alieleza kitu alichokipata kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa majangwa ya Marekani na Mexico, mjusi anayeweza kula mara chache tu kwa mwaka mzima. Katika sumu ile mlikuwa na kitu kinachofanana na GLP-1 yetu, lakini kigumu kuvunjika. Kikawa dawa ya kisukari iitwayo eksenatidi, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2005. Baadaye wakaja wadogo zake: liraglutidi ya kuchoma kila siku, na semaglutidi ya kuchoma mara moja kwa wiki, ndiyo hiyo Ozempic na Wegovy mnayoisikia. Halafu tirzepatidi, inayogusa homoni mbili kwa mpigo.

Angalia tofauti ya muda. Homoni ya asili hukaa dakika, semaglutidi huhitaji kama wiki nzima ndipo ipungue kwa nusu. Ya asili hupiga hodi baada ya mlo, ikaondoka. Hii ya sindano inahamia. Utumbo unakuwa kama unatuma salamu ya shibe Jumatatu asubuhi, Jumanne usiku wa manane, Alhamisi adhuhuri, umekula hujala.

Na salamu hizo zinapokelewa wapi? London, mwaka 1996, kundi la Stephen Bloom liliwadunga panya GLP-1 moja kwa moja kwenye ubongo, na panya wenye njaa wakapunguza kula. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba homoni hii haishughuliki na sukari tu. Ubongo wenyewe pia huitengeneza, chini kabisa kwenye shina lake, karibu na pale kichwa kinapoungana na shingo. Lakini dawa ya sindano ni molekuli kubwa, na ubongo una ukuta unaochuja damu isiingize kitu ovyo. Kwa wanyama wa maabara, dawa imeonekana kuingia kwenye sehemu chache ambazo ukuta huo una madirisha: kwenye shina la ubongo, na kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo ya chini inayosimamia njaa, kiu na joto la mwili. Humo huamsha chembe za kushibisha na kuzinyamazisha zile za njaa. Kutoka hapo taarifa hupokezwa ndani zaidi, hata kwenye sehemu ambazo dawa yenyewe haifiki.

Dirisha hilo la shina la ubongo ndilo lenye kazi ya kugundua sumu kwenye damu na kumtapisha mtu. Ndiyo sababu kichefuchefu ni kilio cha kwanza cha wanaoanza sindano hizi. Wengine hudhani kichefuchefu ndicho kinachowakondesha, na wapo wanaojivunia kukivumilia. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Philadelphia walionyesha kwa panya kwamba njia ya shibe na njia ya kichefuchefu ni mbili tofauti, ingawa zinapakana. Ukiiamsha ya shibe peke yake mnyama anaacha kula bila kuchukizwa. Kwa hiyo anayetapika kila siku asijipe moyo kwamba dawa imemkubali. Arudi kwa aliyemwandikia.

Sasa nije kwenye kiini chenyewe, yaani namna ubongo unavyokiitikia chakula.

Chukua mwezi wa Ramadhani. Saa kumi na moja jioni, kabla ya adhana ya magharibi, jirani anakaanga sambusa. Harufu inavuka ukuta. Mate yanajaa mdomoni, tumbo linanguruma, hata kongosho linaweza kuanza kuachia insulini kidogo, na wewe hujatia kitu kinywani. Mwili unajiandaa kwa habari tu. Mwaka mzima tunaishi na habari za namna hiyo: moshi wa mishikaki, rangi ya soda iliyotoka kwenye barafu, mlio wa chapati ikianguka kwenye kikaango. Mtaalamu Wolfram Schultz aliwachunguza nyani waliokuwa wakipewa juisi ya matunda, akaona jambo la ajabu: mwanzoni chembe zao za dopamini zilifurahia juisi ilipofika. Walipozoea, zikaanza kufurahia ile ishara ya kwamba juisi inakuja. Juisi yenyewe ilipofika, zilikaa kimya.

Dopamini, basi, ni dalali wa mnadani. Bidhaa haijafunguliwa, yeye ameshataja bei na watu wameshanyoosha mikono. Kwa watu wengine dalali huyu ana kipaza sauti na hapumziki: mtu amekula saa saba, saa nane anafikiria andazi, saa tisa anapanga atapitia wapi kununua chipsi. Wanaotumia sindano husema kitu cha kwanza walichokiona ni ukimya, kabla hata ya kilo moja kupungua. Dalali ameshusha bei.

Amsterdam, mwaka 2014, waliupima ukimya huo. Walichukua watu 48: 16 wanene wenye kisukari cha aina ya pili, 16 wanene wasio nacho, na 16 wembamba. Wakawaonyesha picha za vyakula ndani ya MRI, siku moja wakiwa wamepewa eksenatidi kwenye mshipa, siku nyingine maji yasiyo na dawa. Bila dawa, bongo za wanene ziliitikia chakula kwa nguvu zaidi kuliko za wembamba. Walipopewa dawa mwitikio ulishuka, kwenye sehemu za ladha, za hisia na za kupima thamani ya kitu. Nao wakala kidogo zaidi mezani baadaye. Halafu walifanya jambo la kiufundi ninalolipenda: siku nyingine walitanguliza kitu kinachozuia vipokezi vya GLP-1 kabla ya kutoa eksenatidi, na athari ikapotea. Kwa hiyo haikuwa bahati nasibu wala kujidanganya.

Kundi hilo hilo likaenda mbele, na hapa nawaomba msikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwaka 2015 walieleza jaribio la maziwa ya chokoleti. Mtu amelala ndani ya mashine, anaonyeshwa alama kwamba maziwa yanakuja, kisha anatiliwa funda mdomoni. Walipima mambo mawili mbali mbali, kuyasubiri maziwa na kuyanywa. Kwa dawa, msisimko wa kusubiri ulipungua. Msisimko wa kunywa ukaongezeka.

Ukaongezeka, ndiyo. Dawa inayosemwa kwamba inaua raha ya chakula, kwenye jaribio lile iliihamisha raha. Iliitoa kwenye kungojea ikaiweka kwenye ulimi. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtu anayesisimka mno kwa kutarajia na kupata kidogo kwa kula, hula zaidi akitafuta kile alichoahidiwa. Akikipata kwenye funda la pili, la kumi la nini?

Binamu yangu anayeishi Muscat anachoma sindano hiyo kwa ajili ya kisukari. Alipokuja Idi tulikaa sinia moja la biriani. Akala matonge kadhaa, akanawa. Shangazi hakupenda. Akamuuliza, "Kibaya?" Akajibu, "Kitamu, shangazi, wallahi kitamu. Ila hakiniiti." Mimi niliyekuwa nimesoma habari za maziwa ya chokoleti nilimwelewa. Shangazi alimwelewa kwa namna yake, akadhani anafichwa ugonjwa.

Wakorea wa Seoul nao, mwaka 2024, walieleza jambo linalokaribiana na hilo. Walipotumia dawa ya aina hii, watu walijiona wameshiba zaidi hata kabla ya kula, wakikitazama tu chakula. Na kwa panya wakaonyesha sehemu ya haipothalamasi ambayo chembe zake zinaanza kufanya kazi mnyama anapokikaribia chakula, kabla ya tonge la kwanza. Tumbo halijaingia kwenye habari bado. Lina sehemu yake, kwa kweli: dawa hizi hukawisha chakula kutoka tumboni, hasa mwanzoni, na mtu hujisikia kajaa. Lakini hilo hupungua baada ya wiki kadhaa, na hamu inaendelea kuwa chini.

Kupunguza hamu kwa dawa si jambo jipya, na historia yake inatisha. Sisi wa upande huu tunaijua dawa moja ya kienyeji. Mla mirungi akishapata handasi, ule msisimko wake, weka mbele yake wali wa nazi na samaki wa kupaka, atausukuma pembeni. Kiini cha mirungi, katinoni, ni ndugu wa amfetamini, na amfetamini zilikuwa vidonge vya kukondesha vilivyouzwa Marekani na Ulaya kwa miongo kadhaa. Zinazima njaa kwa kuutia mwili mshtuko, kana kwamba simba yuko mlangoni, na nani anakumbuka kula simba akiwa mlangoni? Usingizi unakwenda, moyo unakimbia, na uraibu unabisha hodi. Fenfluramini, iliyokuja baadaye ikifanya kazi kwa njia nyingine, iliondolewa Marekani mwaka 1997 kwa sababu ya kuharibu vali za moyo.

Waafrika wa Kalahari, Wasani, walikuwa na mmea wao wa kutafuna wawindapo mbali na nyumbani, hoodia. Kampuni kubwa za dawa na vyakula za Ulaya na Marekani ziliukimbilia, mikataba ikasainiwa, na mwaka 2003 Wasani wakaahidiwa sehemu ya mapato. Jaribio la watu lililochapishwa mwaka 2011 halikuonyesha kwamba unapunguza kula, bali uliwaletea kichefuchefu na kupandisha presha. Mapato makubwa yaliyotarajiwa yakayeyuka. Ukiona chupa ya vidonge vya hoodia mtandaoni, ujue ilivyo.

Lakini kisa chenye mafunzo kuliko vyote ni cha rimonabanti. Kila mtu anajua mvuta bangi hupatwa na njaa ya ajabu. Wanasayansi wakawaza: kama bangi inaamsha hamu kwa kugusa kipokezi fulani cha ubongo, tukikiziba kipokezi hicho hamu italala. Wakakiziba. Ililala kweli, na Ulaya ikairuhusu dawa mwaka 2006. Mwaka 2008 ikaondolewa. Watu walikuwa wanazama kwenye huzuni, wengine wakiwaza kujiua. Kipokezi kile hakikuwa cha chakula peke yake. Kilishika na raha nyingine za maisha, ukikiziba umeziba vyote.

Kwa hiyo swali la haki kuziuliza hizi sindano mpya ni hilo hilo: mnashusha bei ya chakula, au mnashusha bei ya kila kitu? Wapo watumiaji wanaosema hawafurahii mambo kama zamani. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipitia taarifa za mawazo ya kujiua, na mwezi Aprili 2024 ikatangaza kwamba ushahidi uliopo hauonyeshi kuwa dawa hizi ndizo zinazoyaleta. Hilo linatuliza, kwa kiasi. Upande wa pili, kuna dalili kwamba zinagusa tamaa nyingine. Jaribio dogo la watu 48 wenye tatizo la pombe, lililochapishwa Marekani mwaka 2025, lilionyesha kwamba semaglutidi kwa dozi ndogo ilipunguza kiu ya pombe na kiasi kinachonywewa katika siku za kunywa. Ni habari njema kwa mke wa mlevi. Nami naipokea, ila inanikumbusha rimonabanti: mkono ulioingia kwenye chumba cha tamaa hauwezi kusema umegusa kiti kimoja tu.

Je, utulivu huo unadumu? Hapa picha za ubongo haziungi mkono matangazo ya biashara. Wale wale wa Amsterdam waliwafuata wagonjwa wa kisukari kwenye liraglutidi. Baada ya siku 10 mwitikio wa ubongo kwa picha za chakula ulikuwa umeshuka. Baada ya wiki 12 tofauti ilikuwa haionekani tena. Na mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilieleza habari za mgonjwa mmoja aliyekuwa na nyaya zilizopandikizwa ndani ya ubongo wake, kwenye kituo cha tamaa, kwa sababu ya kula bila kujizuia. Alipoanza tirzepatidi, mawimbi yaliyokuwa yakiandamana na uchu wake yalinyamaza, na uchu ukanyamaza nayo. Baada ya miezi kadhaa mawimbi yakarudi, na mawazo ya chakula yakarudi pia, akiwa bado yuko kwenye dawa. Mtu mmoja si ushahidi wa watu wote. Lakini ndiye mtu ambaye hakuna haja ya kukisia kilichokuwa kikitokea kichwani mwake, kilirekodiwa.

Msinielewe vibaya, dawa zinafanya kazi. Jaribio kubwa la semaglutidi, lenye watu 1,961, lilichapishwa mwaka 2021: kwa wiki 68, waliochoma dawa walipungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliochoma sindano isiyo na dawa asilimia 2.4. Ushauri wa lishe peke yake ni nadra kufika hapo. Lakini sehemu ya watu hao walipoachishwa, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha theluthi mbili za walichopunguza. Dalali hakuwa amefukuzwa kazi. Alikuwa likizo.

Kwetu kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, chakula chetu ni mazungumzo. Mgeni asiyekula amemtukana mwenyeji, na bibi harusi asiyegusa sahani anaulizwa maswali. Anayechoma sindano atafute mtu mmoja wa nyumbani amweleze, maana kukonda ghafla katika nchi hizi kuna historia. Uganda miaka ya 1980 waliuita UKIMWI kwa jina la wembamba, na macho ya jirani bado hayajasahau. Nimewasikia watu waliopungua kwa heri, kwa dawa na kwa mazoezi, wakilazimika kujitetea kila msibani.

La pili ni la afya. Njaa ni kero, lakini pia ni ukumbusho. Asiyekumbushwa anaweza kupitisha kutwa nzima kwa chai na biskuti bila kujua, na mwili uliokosa chakula hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli. Kwa hiyo hayo matonge machache anayoyala yawe na maana: dagaa, maharage, mayai, samaki, mboga. Na maji, hata kiu isipomwita. Kwa mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani, mazungumzo na daktari yafanyike Shaaban, yasisubiri mwezi uandame, hasa kama anatumia na insulini au vidonge vya kushusha sukari.

Bei imekuwa ya kukimbiza watu. Lakini mambo yanasogea. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziweka dawa hizi kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, na ukomo wa kinga ya hataza ya semaglutidi huko India na China, nchi ambako dawa zetu nyingi hutoka, ni mwaka 2026. Nafuu itakuja, na pamoja nayo wataingia matapeli. Wameshaanza: Juni 2024 shirika hilo lilitoa tahadhari ya semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama imepenya huko, Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura itashindwaje? Sindano inayouzwa kwa ujumbe wa simu, bila cheti cha daktari, bila friji, na muuzaji anakuambia "ni ile ile", iache.

Nimeulizwa pia na msikilizaji mmoja kama hamu hurudi mtu akiacha, au ndiyo imekwenda moja kwa moja. Hurudi. Semaglutidi hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo aliyechoma ya mwisho leo bado anayo kiasi mwezi ujao, na baada ya wiki tano hadi saba inakuwa karibu imekwisha. Katika wiki hizo ndipo mtu anapojikuta amesimama mbele ya kabati usiku bila kujua alifuata nini. Anayetaka kuacha, amwambie daktari kabla ya kuacha. Mwenye kisukari ndiye zaidi, kwa sababu pamoja na hamu, sukari yake nayo itapanda, na sukari haina mlio.